Shule Mbili za Nyumba Moja

Sombetini, Alhamisi, baada ya chai ya jioni

Aneth mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia hapo jikoni ukibishana na mama yako kama sufuria ndogo iende Mwanza au ibaki. Barua hii nitakupa kesho stendi, uisome njiani. Mambo ya kulinda begi, kutopokea chakula cha mtu usiyemjua na kupiga simu ukifika, mama yako ameshayasema na atayarudia. Mimi nina swali lako moja tu la kujibu.

Jumapili tulipotoka kanisani uliniambia kwamba shule unayokwenda kufundisha humpa kila mwalimu nafasi ya mtoto mmoja wa nyumbani kwake, asome bila ada. Ukaniomba mdogo wako wa mwisho, Nsia. Nikasema nitafikiri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiingia na kutoka bila kuligusa jambo hilo, na najua umedhani nimekasirika. Sikukasirika. Kusema kweli sijahisi kitu chochote kikubwa. Nimekula, nimelala, nimekwenda kibaruani. Ndiyo maana nimekaa niandike, kwa sababu mtu akiandika hulazimika kuweka jambo moja baada ya jingine, hata kama moyo umenyamaza.

Mnanicheka na shajara yangu. Mdogo wako Samweli husema siku nitakayokufa mtakuta nimeandika, "Leo nimekufa, mvua kidogo." Wiki hii nimezitoa zile za zamani kabatini na kuzisoma kwa mpangilio. Hakuna siri ndani yake. Zina bei za saruji, hali ya hewa na nani aliugua. Nilichokuwa nakitafuta sikukiona, nikagundua kwamba hakipo kwa sababu siku zile sikukifikiria.

Wewe ulikulia Uzunguni, uani. Tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mama Eliya, nesi mstaafu kutoka Machame, mjane, ambaye kodi yake haikupanda hata pale kila kitu mjini kilipopanda. Mimi nilikuwa karani wa bohari kiwandani. Shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya barabara, na wewe ulikuwa ukisikia kengele ndipo unaanza kuvaa viatu. Katika darasa lako alikuwamo binti wa daktari na mtoto wa mtunza bustani wa huyo daktari, na wote walikalia dawati moja na wewe. Ulikuwa ukirudi na vitabu vya kuazima. Nakumbuka mama yako akinong'ona, "Baba Aneth, huyu mtoto anasoma Kiingereza kwa sauti, sijui kama ni sawasawa." Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na hata mimi sikujua kama ni sawasawa. Niliitikia tu kwa kichwa.

Miaka ile nilidhani shule ile ilikuwa nzuri kwa sababu ya walimu. Sasa sidhani hivyo. Walimu walihamishwa huku na huku kama wa kwingine kokote. Tofauti ni kwamba choo kikiziba, au mwalimu wa hesabu asipoonekana wiki nzima, alikuwapo mzazi wa kuinua simu na kuongea na mtu aliyesoma naye, ambaye sasa yuko ofisini. Mzazi huyo hakuwa mimi. Mimi sikuwahi kusema neno katika kikao chochote cha shule ile. Nilikaa nyuma na kofia yangu magotini, na wewe ukafaidi midomo ya watu wengine.

Kiwanda kilipouzwa, wapya waliokinunua walibaki na vijana na kutulipa sisi kiinua mgongo. Niliporudi na habari hizo, Mama Eliya aliniita barazani kwake na kunikaribisha chai. Alikuwa amekwisha kuwaza. Alisema, "Nyumba haitoroki, Baba Aneth. Watoto ndio wanaokua. Kaeni hapa mpaka wote wamalize la saba, kodi tutaongea." Nilimshukuru. Jumamosi nikapanda Akheri kwa babu yako kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikata majani ya ng'ombe, kisha akaniuliza mwanaume mwenye ndevu anakaaje uani kwa mwanamke wakati fedha ya kiwanja anayo mfukoni. Kaka zangu walicheka. Mmoja akasema labda nasubiri Mama Eliya aniposee na mke wa pili. Shamba la Akheri lilikuwa limeshagawanywa, na fungu langu lilikuwa kipande ambacho ng'ombe akigeuka mkia unatoka mpakani. Kwa hiyo wote tulijua wanasema nini: tafuta pako.

Nikanunua hapa. Unaikumbuka siku ile ya kwanza, maana ulikuja na viatu vya shule vikajaa vumbi. Nilikuwa nimebeba chipukizi la mgomba kutoka kwa babu yako, nikalipanda kabla hata ya kuchimba msingi, kama wafanyavyo watu wa kwetu, ili ardhi ijue ina mwenyewe. Kiwanja nilikipima kwa kamba mara mbili. Nilionja maji ya kisima cha jirani. Nilikwenda kuangalia korongo wakati wa mvua nione maji yanapita wapi. Nilimuuliza mzee wa mtaa kuhusu wezi, na fundi kuhusu mawe.

Sikwenda kuiangalia shule. Hakuna mtu aliyenikataza wala aliyenikumbusha. Nilijua iko, nikaona inatosha. Mpaka leo nikiulizwa kosa langu ni lipi, sitaji tamaa wala ulevi, maana sikuwa navyo. Mimi ni mtu aliyekagua kila kitu isipokuwa kile ambacho watoto wake walikuwa wanakwenda kukaa ndani yake kila siku.

Wewe ulikuwa darasa la sita. Mama Eliya alikataa uhame kabla ya mtihani, ukabaki kwake siku za shule na kuja huku mwisho wa wiki. Samweli alikuwa darasa la pili, na mtoto wa darasa la pili hamwachi mama yake. Ndivyo nyumba moja ilivyopata shule mbili.

Huku walisoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Samweli alikuwa wa mchana. Madawati yalikuwapo kwa waliowahi. Yeye mara nyingi alikalia tofali alilotoka nalo hapa hapa kwenye ujenzi wetu. Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi mno na mshahara uliokwisha katikati ya mwezi, na saa za jioni alifundisha twisheni kwa wale ambao wazazi wao waliweza. Siku moja niliomba daftari la Samweli la kusoma na kuandika. Kurasa zote zilikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Nilifurahi, mpaka nilipoona kwamba kurasa tatu zilizofuatana zilikuwa na maneno yale yale, hata kosa lilikuwa lile lile, na zote zilipata vema. Nikamuuliza kwa nini aliandika mara tatu. Akasema, "Mwalimu hasomi, Baba. Anapita tu."

Ndipo nilipofanya lile ambalo wewe hujawahi kuambiwa, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kwenda bweni kidato cha kwanza.

Nilimwomba Mama Eliya, na yeye akamwomba balozi wa nyumba zao kumi aandike kwamba Samweli anaishi kwake. Balozi hakusita, watu walikuwa wakifanya hivyo kila Januari. Watoto wa Sombetini na wa Sakina walikuwa na mama wakubwa na shangazi wengi sana huko Uzunguni, wengine hawakuwahi kuonana nao. Nikamfundisha Samweli. Jioni tulikaa hapa sebuleni, sakafu ikiwa bado mbichi, nikamuuliza kama mwalimu: unalala wapi? Anajibu: kwa Mama Eliya. Nani anakuamsha? Mama Eliya. Alijifunza upesi. Nilimwona hodari.

Mwalimu mkuu wa kule alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alisoma barua ya balozi, akaiweka kando, hakumuuliza mtoto lolote tulilofanyia mazoezi. Alimwambia, "Samweli, asubuhi ukifungua mlango unaona nini?"

Mtoto akanitazama. Kisha akasema, "Namwona Baba anamwagilia mgomba."

Yule mama hakucheka wala hakukasirika. Alinirudishia barua. Alisema kwamba anajua kwa nini nimekuja, na kwamba wa kule chini wakija wote hatakuwa na pa kuwaweka, na wa kule juu, wenye fedha, wameanza nao kuondoka kwenda kwenye shule za kulipia zenye mabasi. Alisema, "Mtoto wako amesema kweli, Baba. Usimharibu." Tukasimama, tukashikana mikono.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika darajani Samweli aliniuliza, "Baba, nimekosea jibu?"

Nikamwambia ndiyo.

Nimeandika maneno hayo na kuyaangalia. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kumnunulia muwa tukala njiani na mambo yakaisha. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na aibu, na nilikuwa nahesabu kwamba jibu lile limetugharimu nafasi. Katika shajara ya siku hiyo nimeandika, "Tumekwenda shule na Samweli. Haikuwezekana. Jua kali." Basi. Kuanzia hapo alikwenda shule kama mtu anayekwenda kulipa faini ya mtu mwingine. Hakuwa mtoro. Alikaa tu. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa ukutani, alisoma orodha yote kwa kidole, akarudi akaniambia hayumo, kisha akauliza kama kuna ugali.

Sasa ni fundi mzuri wa magari huko Sakina, na simwonei huruma, maana hataki. Lakini wewe unakumbuka siku ulipokuja na gazeti la Kiingereza lenye tangazo la kazi hii, na yeye akaomba umsomee. Ulimtafsiria mstari kwa mstari. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Dada, wewe ulisoma Ulaya, sisi tulisoma Sombetini." Ukacheka, naye akacheka. Mimi nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Mmetoka tumbo moja. Mmekula sahani moja. Kati ya shule yako na yake ni mwendo ambao mtu mzima anaumaliza kabla jasho halijamtoka.

Kwa hiyo nakwambia jambo ambalo pengine baba hapaswi kumwambia binti yake anayeondoka: humzidi Samweli akili. Unafanya kazi kwa bidii, hilo nimeliona. Lakini ulipewa kitanda kwa Mama Eliya kwa sababu ulizaliwa mapema. Sikuandikii ili kukupunguza. Nakuandikia kwa sababu wiki ijayo utasimama mbele ya watoto wenye soksi nyeupe, na utaona wanajua mambo, na itakuwa rahisi sana kudhani wamezaliwa wakiyajua.

Nsia alipofika umri wa kuanza shule, nilisema sitarudia. Nilikwenda shuleni kabla yake. Nilikaa mbele. Niliuliza mwalimu wa darasa la kwanza ni nani, na chaki inatoka wapi. Watu wa huku hawajazoea mtu anayeuliza na kuandika majibu, kwa hiyo wakanichagua kwenye kamati ya shule, na baada ya mwaka wakanifanya mwenyekiti. Hiyo unaijua. Usichojua ni maneno niliyoyasema mwezi wa nne.

Upepo ulikuwa umeezua bati na kenchi za madarasa mawili. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wameongezeka, na hapo hapo wamebaki juani. Tulikuwa na mzazi mmoja, dalali wa madini, mwenye lori. Ndiye aliyetubebea mchanga wa vyoo bila kutudai. Wiki ile ile akawaondoa wanawe wote wawili na kuwapeleka kwenye shule ya Kiingereza yenye basi la njano. Lori nalo likaondoka. Katika kikao nilisimama nikasema, "Mtu akimwondoa mtoto wake, ameondoa na mdomo wake. Tutabaki sisi tusio na simu ya mtu." Walinipigia makofi. Mama Zuhura, yule muuza mkaa wa hapo kona, alinisindikiza mpaka nyumbani akiniambia, "Mwenyekiti, wewe tu usituhame." Nikamwambia niende wapi, na mgomba wangu uko hapa.

Sasa unaelewa kwa nini nimenyamaza tangu Jumapili.

Jumanne nilikwenda Sakina kumwona Samweli. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, nikachuchumaa nikaanza kuiambia miguu. Nilieleza yote: nafasi ya Nsia, kamati, Mama Zuhura. Nilikuwa nimeyapanga. Akaomba spana, nikampa isiyo yenyewe, akairudisha, nikampa nyingine.

Kisha akasema, "Mzee, nafasi kama hii ingekuja wakati wangu, ungeuliza mtu?"

Nikasema nisingeuliza.

"Basi usiulize."

Halafu akatoka chini ya gari, akajifuta, akaongeza kwamba akifika huko dada asituletee Kiingereza, atuletee sangara. Vijana wa gereji wakacheka, na mimi nikacheka nao kidogo. Njiani nikirudi nilijaribu kuona kama nina furaha au uchungu. Nilipita shuleni. Zamu ya mchana ilikuwa inaingia. Nsia alikuwa amesimama mbele ya darasa na fimbo ya mwalimu, akiwasomesha wenzake silabi ubaoni, maana mwalimu alikuwa akihudumia darasa lake jingine. Alikuwa anafanya vizuri. Hapo ndipo nilipoogopa, kama ni kuogopa: yuko darasa la tatu na tayari ameshakuwa mwalimu, na hakuna anayemfundisha yeye.

Mama yako nilimwambia jana. Alisema alikuwa amekwisha kushona majina kwenye sweta za Nsia tangu Jumatatu, akisubiri mimi nimalize kufikiri.

Kwa hiyo mchukue.

Sina masharti. Nina mambo machache ninayoyajua. Watoto wa kule watamuuliza anatoka wapi, na wewe utakuwa mwalimu mgeni unayetaka kuonekana vizuri, na utatamani ajibu kwa kifupi. Mwache ajibu kwa urefu. Akishindwa Kiingereza wiki za kwanza, watasema ni mjinga, na pengine atarudi kukuuliza kama ni kweli. Kabla hujamjibu, subiri uchovu wako upite. Usimweleze kwamba nimemtoa shimoni. Huku kuna watoto wanaojua kusoma kwa sababu yake, na haifai adhani walikuwa takataka. Mwambie kwamba baba yake alichagua, na kwamba kuchagua kwangu hakukuwa kwa haki kwa watoto waliobaki, ila nilimchagua yeye. Akikua ataamua mwenyewe anihukumuje. Wewe na Samweli pia mnayo ruhusa hiyo, na mmeitumia kwa upole kuliko nilivyostahili.

Nimemwambia Nsia leo mchana kwamba kesho mtaondoka pamoja, na wewe utakuwa umelisikia kwake kabla ya barua hii. Aliuliza kama huko atakaa kwenye dawati. Nikasema ndiyo, peke yake kama anataka. Akafikiri, akasema hataki peke yake. Kisha akaenda kucheza mpira wa rede.

Mama yako ananiita nije nikalie begi lifungike. Mungu aliyekutunza ukiwa kwenye kitanda cha watu awatunze nyote wawili mkiwa kwenye nyumba mtakayoipanga. Msiharakie kujenga.

Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Ajenda ya kwanza ni bati na kenchi. Kabla ya ajenda nitasimama niwaambie mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mtu, kwamba mtoto wangu ameondoka, na kwamba yale niliyosema mwezi wa nne bado ni kweli. Mama Zuhura atakuwa amekaa mbele, hukaa mbele siku zote. Wakitaka mwenyekiti mwingine, nitamkabidhi faili na funguo. Wasipotaka, tutaendelea na bati.

Ni mimi baba yako.